Kengele Haiulizi Kabila

(Hotuba kwa wanakwaya na waumini, siku ya kubariki kengele zilizokarabatiwa na kuadhimisha jubilei ya kwaya yetu, Ainabkoi)





Ni vyema jubilei hii iende pamoja na baraka ya kengele, kwa sababu kila Jumapili kengele huita kabla kwaya haijafungua kinywa.

Wengi wetu tulianza shule kwa mlio wa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Chuma chochote hulia, lakini kengele ya kanisa ina lugha yake. Alfajiri, adhuhuri na jioni hupigwa kwa sala ya Malaika wa Bwana: mapigo matatu, kisha matatu, kisha matatu. Alhamisi Kuu hulia wakati wa Utukufu, halafu hunyamaza hadi Mkesha wa Pasaka. Mtu akifariki, pigo ni moja moja, polepole. Aliye shambani akichimba viazi huelewa, akavua kofia.

Kengele pia hulinda. Huko Mombasa pako mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, makao ambayo wamisionari wa Kianglikana waliyaanzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Ilipigwa kuwaonya watu hao kwamba wavamizi wanakuja kuwarudisha utumwani. Kengele ilisimama upande wa mnyonge.

Sisi wa Uasin Gishu tunalielewa jambo hilo. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wengi wao akina mama na watoto. Hapa jirani, Burnt Forest, watu walihama makwao. Sisemi haya kufungua vidonda. Nasema ili tukubaliane leo, mbele ya altare: kengele hizi zikilia usiku kwa haraka, maana iwe moja tu, kwamba jirani yuko hatarini, njooni tumwokoe. Awe Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya au mpita njia. Na zisipigwe kamwe kukusanya watu dhidi ya watu wengine.

Ombi langu kwa kwaya ni hili. Tumekarabati kengele, sasa tupate wapigaji. Kengele ikipigwa ovyo hupata ufa, na yenye ufa haina sauti. Soprano, alto, tena na besi, kila sauti itoe vijana wawili wafundishwe na wazee wanaojua kamba, na zamu zibandikwe mlangoni mwa kanisa kabla ya Jumapili ijayo.

Hongereni kwa jubilei. Mungu awabariki, na abariki kila atakayeisikia sauti ya kengele hizi.