Hotuba Juu ya Dawa za Kihindi za Msokoto wa Tumbo kwa Watoto Wachanga



Nimeombwa kusema juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi za nchi yetu ya chai, kutoka Kericho hata Bomet: msokoto wa tumbo wa watoto wachanga, na zile dawa za asili ya Kihindi zinunuliwazo dukani ili kuwatuliza.

Kilio hicho sote twakijua. Mtoto mzima, anyonyaye vizuri, hushikwa na kilio saa za jioni, akakunja magoti na kukaza tumbo, wala habembelezeki. Mwaka 1954 daktari Morris Wessel wa Marekani na wenzake walikitolea kipimo: zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa juma, kwa zaidi ya majuma 3. Kilio huzidi mtoto afikapo kama majuma 6, kisha hupungua, na kwa kawaida humalizika chenyewe kabla ya mwezi wa 4 kupita. Nawaomba mliweke moyoni neno hili la mwisho.

Wafanyabiashara wa Kihindi walioifuata reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901, hawakuja na nguo na sukari tu. Walikuja pia na Ayurveda, elimu yao ya kale ya uganga, ambayo moja ya matawi yake 8 yahusu watoto. Elimu hiyo yasema kwamba maumivu ya namna hii hutokana na upepo uliozidi mwilini. Na watu wa Pwani nao husema ni riahi. Kwa hiyo akina mama wa Kihindi huchemsha shamari, au mbegu za ajwaini, wakampa mtoto maji yake kwa kijiko; nao mvuje hukorogwa ukapakwa kuzunguka kitovu. Hata Woodward's Gripe Water, iliyotengenezwa kwanza na William Woodward huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, ilitiwa mafuta ya mmea ulio jamaa ya shamari. Kwa miaka mingi ilikuwa na kileo ndani yake, mpaka Waingereza walipokiondoa katika miaka ya 1990.

Je, dawa hizi zafaa? Katika Kikipsigisi dawa huitwa kerichek, na wako wasemao kwamba jina la Kericho latokana na neno hilo. Haitupasi sisi kudharau mimea, iwe ya mababu zetu au ya wageni. Katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 2003, watoto 40 kati ya 62 waliopewa mafuta ya shamari yaliyopimwa kwa uangalifu walitulia, na 14 tu kati ya 59 waliopewa dawa isiyo na kitu. Lakini majaribio ya namna hiyo ni machache, na maji yaliyochemshwa jikoni hayana kipimo. Tena, ikiwa kilio humalizika chenyewe, dawa iliyotolewa mwisho ndiyo itakayosifiwa, hata kama haikufanya kazi yoyote.

Hasara nazo zipo. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto mchanga aliyenyweshwa mvuje, damu yake ikashindwa kuchukua hewa ipasavyo. Mwaka 2004 dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika maduka ya Boston zilipimwa, na 14 kati yake zikaonekana kuwa na risasi, zebaki au aseniki, nazo ni sumu. Asali, ambayo wengine huichanganya na dawa, haifai kabisa kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Na kila kijiko cha maji huchukua nafasi ya maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2001 lashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote ni kukawia. Si kila kilio ni msokoto. Mama arudipo kuchuma majani chai, mtoto huachwa na yaya, pengine msichana mdogo, naye huambiwa, "Akilia, mpe ile chupa." Nani atamwambia kwamba leo mtoto ana homa? Mtoto mchanga mwenye joto la 38 au zaidi, au atapikaye majani ya nyongo, au mwenye damu katika choo, au akataaye kunyonya, au aliyelegea, hangojei kesho. Apelekwe hospitali siku iyo hiyo, iwe Kericho, iwe Tenwek, ambako wamishonari walianza kazi yao mwaka 1937.

Kwa mtoto asiye na dalili hizo, yatosha kumcheulisha kila anyonyapo, kumbeba wima kifuani, kumkanda tumbo taratibu kwa mkono wenye joto, na kumpokea mama aliyechoka ili alale kidogo. Hapo ndipo akina kogo wana kazi ambayo hakuna chupa iwezayo kuifanya.

Wazee wetu, neno lenu husikilizwa nyumbani. Mama mwenye mtoto aliaye asilaumiwe kwamba maziwa yake ni mabaya, wala asihimizwe kununua kila dawa inayosifiwa. Ahimizwe kuvumilia, asaidiwe, na yaya wake afundishwe dalili za hatari kabla ya kuonyeshwa chupa ilipo.