Kuandikisha Watoto wa Wageni katika Bima ya Matibabu
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Halmashauri ya tawi imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo baadhi yenu mwaweza kuliona liko mbali sana na reli, nalo ni kuwaandikisha watoto wa wageni katika bima ya matibabu ya serikali. Mfano tutakaoueleza ni wa Marekani, katika jimbo la California. Tumeuchagua kwa sababu walioanzisha kazi ile walikuwa watu wa vyama vya wafanyakazi pamoja na watu wa makanisa. Tena walikutana na jambo ambalo kila mwenzetu aliyewahi kutafuta wanachama analijua: kubisha hodi na kuambiwa, "Njoo kesho."

Iko kaunti moja kule iitwayo Santa Clara, na mji wake mkubwa ni San Jose. Dunia yaisifu kwa kompyuta. Lakini ofisi za kompyuta zafagiliwa na watu, na chakula chapikwa na watu, na wengi wa watu hao wametoka Mexico, Vietnam na nchi nyingine. Mishahara yao ni midogo, na waajiri wengi hawawapi bima. Kule, mtu asiye na bima akilazwa hospitali aweza kutoka na deni la miaka.

Bima ya serikali ilikuwako. Kwa maskini ilikuwako Medi-Cal, na tangu 1998 ilikuwako nyingine iitwayo Healthy Families kwa watoto wa wenye kipato kidogo kilichozidi kile cha Medi-Cal. Tatizo lilikuwa hati. Sheria ya nchi nzima ya 1996 iliwanyima wageni wengi, hata wenye ruhusa ya kukaa, bima inayolipwa na Serikali Kuu kwa miaka mitano ya kwanza. California ilitoa fedha zake kuwasaidia watoto wenye ruhusa. Mtoto asiye na hati alibaki hasa na matibabu ya dharura.

Sasa tazameni jambo hili lilivyokuwa nyumbani. Mama ana watoto wawili. Mkubwa alizaliwa Mexico, akavuka mpaka akiwa mgongoni. Mdogo amezaliwa San Jose, basi ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa kwake. Mama aenda kuandikisha, karani amwambia: huyu ndiyo, yule hapana. Kwa hesabu ya ofisi, mtoto mmoja amepata. Lakini mama amekwisha kusikia lile "hapana," naye ajua ya kuwa ameacha jina lake na anwani yake katika daftari la serikali. Wengi walirudi nyumbani bila kumwandikisha hata yule mdogo ambaye haki yake haikuwa na shaka. Jambo hili ndilo tunalotaka mlishike zaidi ya yote. Mtoto mmoja akikataliwa mlangoni, yule mwenye haki naye hukosa, na majirani wakisikia hawaji kabisa.

Tena hofu ile haikuwa ya ujinga. Mwaka 1994 wapiga kura wa California walikubali pendekezo, Namba 187, la kuwanyima wasio na hati shule na matibabu. Mahakama iliuzuia mpango huo, lakini watu hawakusahau. Halafu iko sheria ya zamani, ya tangu 1882, ya kumkataa mgeni atakayekuwa mzigo kwa serikali. Ingawa mwaka 1999 Serikali ilitangaza kwamba bima ya matibabu haihesabiwi kuwa mzigo, tangazo la serikali laenda kwa miguu na uvumi waenda kwa gari moshi.

Mwaka 1998 makampuni ya sigara yalikubali kuyalipa majimbo 46 mabilioni ya dola kwa sababu ya gharama za magonjwa ya tumbaku, na San Jose na kaunti yake wakapata fungu lao. Ndipo shirika la Working Partnerships USA, lililoundwa na baraza la vyama vya wafanyakazi la pale, likashikana na umoja wa makanisa uitwao PACT, wakadai fedha zile ziwalipie watoto. Mwaka 2000 baraza la mji lilikataa. Hawakwenda kulala. Walikwenda kwa baraza la kaunti, nalo likakubali, na baadaye mji nao ukatoa fedha. Kazi ilianza Januari 2001.

Walifanya mambo mawili. La kwanza, waliunda bima ya tatu, Healthy Kids, kwa watoto waliokosa nafasi katika zile mbili, wawe na hati au wasiwe nazo, mradi kipato cha nyumba hakikuzidi mara tatu ya kiwango cha umaskini. Wazazi walilipa ada ya dola chache, na meno na macho yalikuwamo. La pili ndilo la akili zaidi: walifanya mlango uwe mmoja. Mzazi hakuulizwa ametaka bima ipi. Alikuja na watoto wake wote, msaidizi anayejua lugha yake akajaza karatasi pamoja naye, na kupanga nani aingie wapi ikawa kazi ya ofisi. Shuleni, kanisani na zahanati, mwenye kueneza habari aliweza kusema neno fupi: lete watoto wako wote, hakuna atakayerudishwa.

Watafiti walipokuja kupima, waliona jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Hata bima mbili za zamani, ambazo masharti yake hayakubadilika, ziliongezeka watoto kwa zaidi ya robo. Walikuwa ni akina mdogo wetu wa San Jose, wenye haki siku zote. Kaunti nyingine ziliiga, na mwaka 2015 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwaingiza watoto wote chini ya miaka 19 katika Medi-Cal, wenye hati na wasio nazo. Ilianza Mei 2016, na watoto waliotazamiwa kufaidika walikadiriwa kuwa 170,000.

Hatusemi vita vimekwisha. Mwaka 2019 Serikali Kuu ya Marekani ilitoa kanuni mpya iliyohesabu bima ya matibabu kuwa mzigo. Watoto hawakuhesabiwa ndani yake, lakini wazazi waliwatoa watoto wao hata hivyo. Kanuni iliondolewa mwaka 2021. Juni 2025 ikajulikana kwamba habari za watu walio katika bima hiyo zilikuwa zimekabidhiwa idara inayosimamia mambo ya wahamiaji, na California pamoja na majimbo mengine yakaenda mahakamani. Wasaidizi waliokuwa wakisema "jina lako li salama" walitahayari. Kwa maoni yetu hili ni ovu kuliko kupunguza fedha, kwa maana fedha zaweza kurudishwa kwa kura moja.

Ndugu mmoja ametuuliza kabla ya mkutano: chama chahusika nini na watoto ambao baba zao hawalipi ada? Jibu letu ni hili. Anayeogopa kuandika jina la mtoto wake zahanati ataogopa pia kuandika jina lake katika kitabu cha chama, na mwajiri alijua hilo kabla yetu. Tena surua haiombi kitambulisho.

Kwetu, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Sisi wa mshahara twakatwa 2.75 kwa mia, na asiye na mshahara hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Katika mitaa yetu wamo majirani kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Sudan Kusini. Watoto wao wacheza na wetu, na Kiswahili chao wengine ni kizuri kuliko chetu.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali haya. Wachaguliwe wanachama wanne, wawili wawe akina mama, waende ofisi ya Mamlaka kuuliza ni hati gani zinazokubaliwa kwa mtoto ambaye mama yake ana kadi ya ukimbizi, na kwa mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Jibu liwe la maandishi, lenye muhuri. Likipatikana, tuweke meza Jumamosi mbili karibu na zahanati, na kila meza iwe na mtu wa Kisomali, au wa Kifaransa, au wa Kirundi. Pasiwe na jina lolote litakaloandikwa katika daftari letu wenyewe. Kama jibu litakuwa "hapana" kwa baadhi ya watoto, meza isiwekwe bado; jambo lirudi hapa mkutanoni, tulipeleke makao makuu.