Jiko la Ndani Lichaguliwe kwa Hewa

Msikilizaji wa Kariakoo, unaponunua jiko, jiulize kwanza hewa yake itatokea wapi. Jiko banifu lenye udongo ndani hupunguza matumizi ya mkaa, na hilo ni jema, lakini bado linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoizuia damu kubeba oksijeni. Wapo wasemao mkaa ukishakolea moto hauna madhara. Sivyo: moshi umekwisha, gesi ingali inatoka, na katika chumba kilichofungwa usiku huua waliolala. Wengine husema kujaza mtungi wa gesi ya kupikia kunataka fedha nyingi kwa mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo. Ni kweli, na inauma. Basi maharage yachemkie uani, mtungi wa kilo 6 ubaki kwa chai na ugali. Jiko la mkaa lisilale ndani kamwe.