Elimu ya Magonjwa ya Meno Katika Vyama vya Msingi



Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda Ujiji kutoka Bagamoyo ilipumzika Tabora. Pamoja na nguo na pembe za ndovu, ilibeba habari. Hata leo habari husafiri, za kweli na za uongo.

Habari moja ya uongo iliyoenea nchini tangu miaka ya 1980 ni ile ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akipata homa au akiharisha, uvimbe mweupe kwenye ufizi wake hudaiwa kuwa ndio chanzo. Basi hukatwa kwa kisu au chuma chochote kikali, bila ganzi. Kumbe kinachotolewa ni chonge lake ambalo bado halijaota! Vijidudu huingia jerahani, damu humwagika, na mtoto mwenye malaria hucheleweshewa dawa. Wapo waliokufa.

Watu wazima nao huchelewa. Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, asidi hutoboa jino, na hatimaye usaha hujikusanya kwenye mzizi. Dawa ya maumivu hutuliza tu, haiponyi. Uvimbe ukiteremka shingoni waweza kuziba njia ya hewa. Mgonjwa asiyeweza kumeza au kufumbua kinywa apelekwe hospitali siku ileile.

Elimu hiyo itafikishwaje? Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio. Siri yake ni kwamba redio haikuachwa iseme peke yake. Wanakikundi walisikiliza pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda. Vyoo vingi vilichimbwa kwa njia hiyo.

Vyama vya msingi vina nafasi kama hiyo siku za mikutano na mauzo ya tumbaku. Mganga wa meno aalikwe. Picha za ufizi wa mtoto mzima na wa mgonjwa zibandikwe ghalani, na maelezo yaliyorekodiwa yasikilizwe kwa redio au simu. Kisha mzazi aulizwe: mtoto akishikwa na homa usiku, utampeleka wapi? Jibu lake ndilo kipimo cha somo. Akijibu "kituo cha afya", somo limeingia. Akisita, lirudiwe bila kumwaibisha, kwani aliyemdanganya alitangulia kufika.