Tone Chini ya Gari

Fungueni madaftari, shikeni kalamu. Somo la leo ni kuvuja kwa gari.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Basi tone kwa tone nalo humaliza oili; na injini ikikosa oili, vyuma vyake husagana mpaka inakufa.

Asubuhi unaondoa gari, unaona doa jeusi chini. Unainama, unakuta sampu imelowa. Unasema, "Sampu inavuja!" Unanunua gasketi mpya, unamlipa fundi. Baada ya wiki moja doa limerudi. Kwa nini?

Kwa sababu oili huteremka. Pengine ilitoka kwenye kifuniko cha juu cha injini, ikatambaa ubavuni, ikafika kwenye sampu, ikadondokea hapo. Tena gari likienda, upepo huisukuma nyuma. Andikeni neno hili: panapodondoka si lazima pawe ndipo panapovuja. Tafuteni palipolowa juu kabisa na mbele kabisa.

Sasa tufanye kazi kwa utaratibu.

Kwanza, jioni, tandikeni kipande cha boksi safi chini ya injini. Andikeni juu yake MBELE, KULIA na KUSHOTO, kama gari lilivyosimama. Asubuhi mtalisoma boksi hilo kama ramani.

Pili, tazameni rangi ya doa na nuseni. Msionje kamwe.

Oili ya injini ni ya hudhurungi au nyeusi, nayo huteleza. Mafuta mekundu huenda yametoka kwenye giaboksi ya otomatiki au kwenye usukani.

Maji ya rejeta yaliyotiwa dawa huwa na rangi, mara nyingi kijani au nyekundu, na harufu yake ni tamu. Yafuteni mara moja, maana yaweza kuwa sumu kwa mtoto au mbwa atakayeyalamba.

Maji matupu, yasiyo na rangi wala harufu, katika gari lenye kiyoyozi, kwa kawaida hutoka kwenye kiyoyozi hicho. Hayo si ugonjwa.

Mkinusa petroli, msiwashe injini wala kiberiti.

Maji ya breki hufanana na chai hafifu, nayo huteleza. Mara nyingi huonekana upande wa ndani wa gurudumu. Hapo hakuna mjadala. Gari lisiende hata hatua moja. Fundi na aje lilipo. Oili ikivuja utapoteza injini, lakini breki zikikosa maji utapoteza watu.

Tatu, ikiwa ni oili, safisheni injini iliyopoa kwa kitambaa na maji kidogo ya sabuni. Maji yasifike kwenye nyaya za umeme. Ikikauka, nyunyizeni poda ya mtoto mahali mnapopashuku. Pimeni oili kwanza, kisha endesheni gari kama dakika kumi na tano. Zimeni injini, mtazame bila kugusa, kwani ina moto. Poda itaonyesha mchirizi. Ufuateni kwenda juu mpaka mkute poda kavu. Pale mchirizi unapoanza ndipo panapovuja. Pengine ni gasketi iliyochakaa. Pengine ni boliti iliyolegea tu, na spana moja yatosha.

Je, maji ya rejeta yakipungua kila siku na chini hakuna doa? Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia ndani ya injini. Msiendeshe gari; mwiteni fundi. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto, maana maji yatawarukia usoni.

Ukienda kwa fundi, chukua boksi lako. Usimwambie tu, "Gari linavuja." Mwambie, "Linavuja hapa, oili ya rangi hii." Hapo hutalipia gasketi usiyoihitaji.

Maswali ya kujibu katika daftari:
1. Kwa nini sampu hulaumiwa bure?
2. Doa gani hukataza gari kuondoka?
3. Poda hutuonyesha nini?

Leo jioni, mwenye gari atandike boksi. Asiye na gari amsomee jirani yake somo hili. Kwaherini.