Shamba la Anathothi: Tumaini la Maandiko Wakati wa Dhiki

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka wa Chama, Keroka)



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena hapa Keroka, watu wa upande wa Kisii na watu wa upande wa Nyamira. Tumeagizwa kusema maneno machache juu ya tumaini lipatikanalo katika Maandiko Matakatifu wakati wa shida. Twaitii amri hiyo kwa hofu, maana twajua ya kwamba wengi walioketi hapa wameonja shida kuliko sisi tunaosema.

Hatuna haja ya kuzihesabu shida zote. Yatosha kukumbusha tatu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, moto uliwaka mpakani mwa Borabu na Sotik. Watu wa pande zote mbili walipoteza nyumba, na wengi wa jamaa zetu walirudi kutoka Bonde la Ufa na mafurushi vichwani. Kisha ukaja ugonjwa wa mahindi, ulioonekana kwanza Bomet mwaka 2011, ukavuka mpaka bila kuuliza kabila la mtu, ukayakausha mahindi shambani kabla hayajakomaa. Na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga makanisa, na mazishi yakawa ya watu wachache tu wa karibu na marehemu.

Katika siku za namna hiyo mtu hufungua Biblia akitafuta neno tamu. Si vibaya. Lakini Biblia yenyewe yatuonya ya kwamba si kila neno tamu ni tumaini. Twawaomba mtazame pamoja nasi kitabu cha Nabii Yeremia. Agano Jipya lilitoka kwa lugha yetu ya Ekegusii mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988. Kabla ya hapo wazee wetu wengi walimsoma Yeremia kwa Kiswahili, nao walimpenda, kwa sababu alikuwa mtu asiyeficha machozi yake.

Katika sura ya 28 twaona manabii wawili wamesimama hekaluni mbele ya watu wote. Mmoja, Hanania, asema utumwa wa Babeli utakwisha kwa miaka miwili. Watu walifurahi. Yeremia naye akajibu, Amina, Bwana na afanye hivyo. Maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini haikuwa kweli. Katika sura ya 29 Yeremia awaandikia waliochukuliwa mateka kwamba itapita miaka 70; basi wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wautafutie amani mji ule walimo.

Ndugu zetu, Hanania hakufa bila uzao. Hata leo wako wanaowaambia wagonjwa na maskini ya kwamba wakitoa fedha nyingi leo, shida itaondoka kesho. Twajua nyumba ambazo ng'ombe wa mwisho aliuzwa kwa ahadi ya namna hiyo. Shida haikuondoka, aliyeondoka ni ng'ombe.

Tumaini la kweli laonekana katika sura ya 32. Majeshi ya Babeli yameuzunguka Yerusalemu. Yeremia amefungwa katika ua wa walinzi. Ndipo Hanameli, mwana wa ami yake, anakuja na kumwambia alinunue shamba lake lililoko Anathothi, kwa kuwa haki ya kulikomboa ni yake. Sisi Abagusii twalifahamu jambo hili upesi, maana twajua maana ya ardhi ya ukoo. Lakini ni nani anunuaye shamba wakati adui amekwisha kuizingira nchi? Yeremia alinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku aitie hati katika chombo cha udongo ipate kukaa siku nyingi. Na baada ya kununua, alimwomba Mungu kama mtu aliyefadhaika, akishangaa kwa nini ameamriwa hivyo na mji unaanguka.

Hapa twajifunza mambo mawili. Kwanza, mwenye tumaini aruhusiwa kufadhaika. Asiyelia si lazima awe na imani kuliko aliaye. Pili, tumaini lina mikono. Yeremia hakusema tu kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Alitoa fedha yake mwenyewe. Apandaye chai ajua jambo hili, maana hungoja miaka mitatu hivi kabla ya kuchuma jani la kwanza, huku palizi na mbolea zikimdai kila mwaka.

Yatupasa sasa kukiri kosa letu wenyewe. Mwaka 2020 mwanachama mwenzetu alifariki. Tulituma mchango kwa simu, tukaandika jina katika daftari, tukaona tumetimiza wajibu. Ruhusa ya kutembeleana iliporudi, hatukwenda. Zilipita siku nyingi kabla baadhi yetu hawajafika katika boma lile. Mjane alitukaribisha vizuri, akatupa uji, kisha akasema, "Fedha niliziona. Watu sikuwaona." Chai yake ilikuwa imekua mpaka kupita kiuno kwa kukosa wachumaji. Tuliona haya. Juma lililofuata tulikwenda kwa risaga, kama walivyofanya baba zetu, tukaipogoa na kupalilia. Hatukuhubiri siku ile. Lakini jioni mama yule ndiye aliyefungua Biblia, akatusomea sisi.

Bwana Mwenyekiti, twajua liko shauri mbele ya mkutano huu kwamba akiba ya Chama igawanywe, kila mtu achukue sehemu yake, kwa kuwa nyakati ni ngumu. Hatuwalaumu waliolileta; karo ya shule haingoji, na njaa haina adabu. Lakini twasema waziwazi kwamba sisi hatuliungi mkono. Akiba ile ndiyo hati yetu iliyo ndani ya chombo cha udongo. Tukikivunja leo, kila mmoja atapata kidogo cha juma moja, na yatima wa mwaka ujao hatakuta kitu. Mwenye haja kubwa asimame aseme, asaidiwe kwanza, pasipo aibu. Bali chombo kisivunjwe.

Na kila penye msiba, pamoja na mchango, waende watu wawili au watatu, tena warudi baada ya mwezi, wageni wakiisha kuondoka. Hilo halihitaji fedha nyingi.

Wazee wetu, Yeremia hakuambiwa ya kwamba yeye mwenyewe atalilima shamba lile, wala kitabu chake hakisemi kwamba alipata kulilima. Alinunua kwa ajili ya watakaorudi. Nasi na tufanye vivyo hivyo.