Mlango Ulio Wazi Huilinda Nyumba



Mwaka 1861 wasafiri Speke na Grant walifika Karagwe, wakapokelewa na Mtawala Rumanyika. Kumfungulia mgeni mlango ni desturi ya kale katika nchi hii.

Nchini Ujerumani, walikotoka wamisionari wa Betheli waliofika Bukoba mwaka 1910, Jumapili ya pili ya Septemba imekuwa siku ya majengo ya kale tangu mwaka 1993. Makanisa, minara na viwanda vya zamani hufunguliwa, kwa kawaida pasipo kiingilio.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Makanisa ya misioni yalijengwa baadaye. Yasipotangazwa na Waziri, walinzi wake ni watu wake wenyewe. Nao watalilindaje jengo wasiloingia?

Wazee wa makanisa huhofia wizi na uchafu, na hofu hiyo ina msingi. Lakini kufuli halizibi paa linalovuja, wala halimwambii mtoto ni nani waliobeba mawe ya msingi. Afadhali siku moja kwa mwaka mlango ufunguliwe bure, mzee asimame akisimulia, na kijana akae kando yake akiandika. Asiye Mlutheri naye akaribishwe.

Usharika unaotimiza miaka mia hukabidhi urithi. Watoto wa Ihembe wasikabidhiwe urithi uliofungwa kwa kufuli.